Boriti Sitini na Mbili Nukta Sita

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema "kompyuta imesema," namkunjia uso. Kompyuta haisemi kitu. Anayesema ni yule aliyeiandikia la kusema, na mara nyingi huyo mwenyewe hakujua alichokuwa akikiandika. Haya niliyajua Malindi, miaka ile ya themanini hoteli zilipokuwa zikiota ufukweni kila kukicha, na aliyeumia si mimi wala si bingwa aliyeandika programu. Aliyeumia ni baba yangu.

Kazi ya baba ilikuwa kuhesabu boriti. Tajiri mmoja wa pale mjini alikuwa na yadi, akiwauzia boriti za mikoko wajenzi wa hoteli kwa ajili ya mapaa. Zilikatwa Mida, zikapakiwa lori upande wa Dabaso, na baba ndiye aliyekwenda na lori na kurudi nalo. Zikishushwa langoni, yeye husimama na chaki yake na kuhesabu kama baba yake alivyohesabu, kwa korija, yaani ishirini ishirini. Korija moja ikitimia, mstari mmoja ukutani. Mzigo ukimalizika hupaza sauti kuelekea dirisha la ofisi: "Tatu na kumi na tatu." Maana yake korija tatu, na boriti kumi na tatu za juu yake. Jumla sabini na tatu. Mtu yeyote wa biashara ya boriti pwani akisikia hivyo hana haja ya kuuliza mara mbili.

Msidhani baba alikuwa mzee mpole wa kuhurumiwa. Alikuwa mkali, mjuaji, na sauti yake ilifika mtaa wa pili. Aliamini kwamba Malindi nzima anayejua kuhesabu ni yeye tu. Mimi nilikuwa nimesoma hisabati chuo kikuu, nikifundisha sekondari, na bado nikirudi nyumbani na nazi kikapuni yeye huzimwaga chini na kuzihesabu upya. Tuligombana kwa hayo mara nyingi. Lakini kuiba hakujua, hata msumari wa tajiri hakuwahi kuuleta nyumbani, na hilo mji mzima ulikuwa ukilijua.

Kisha akaja mpwa wa tajiri. Alikuwa ametoka ng'ambo, alikosomea kozi fupi ya kompyuta, fupi kweli, maana aliondoka wakati wa embe na wakati wa embe uliofuata tayari alikuwa amerudi na shehena ya maneno. Alileta mashine kwenye maboksi, akatiliwa kiyoyozi chumba cha ofisi, na mlangoni akabandika karatasi kwamba viatu vivuliwe nje. Tukavua viatu kama tunaingia msikitini. Yeye mwenyewe alivaa raba nyeupe pe pe pe, na kwa sababu ya hizo raba hakutia mguu yadi hata siku moja. Vumbi lingezichafua. Boriti alizijua kwa kuzitazama dirishani.

Kazi ya kuingiza hesabu mashinani alipewa karani wa ofisi, binti wa Mambrui aliyekuwa hodari wa taipu. Baba akipaza sauti huko nje, yeye huku ndani anaichapa. Jioni mpwa hubonyeza kitufe, printa ikakereza, na karatasi ikatoka na safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa idadi ya boriti kwa kibali cha idara ya misitu, ambacho huandikwa boriti moja moja, si kwa korija. Safu ya pili ilikuwa boriti zilizofika yadi. Ya tatu ilikuwa tofauti baina ya mbili hizo. Tajiri alizipenda karatasi zile kuliko wanawe. Alizitundika ukutani, akawaonyesha wageni.

Siku moja akaisoma vizuri ile safu ya tatu, akatoka nje mbele ya wapakuzi wote na kumwita baba.

"Mzee, boriti zangu zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda kwenye mapaa ya hoteli," baba akamjibu. "Kwani zilikuwa ziende wapi?"

"Kibali chasema sabini na tatu. Kompyuta yasema zimefika sitini na mbili."

"Mimi nimehesabu sabini na tatu."

"Kompyuta haidanganyi."

"Hiyo kompyuta ilikuwa ndani ya lori?"

Wapakuzi walicheka. Baba alikosea hapo, kama kumjibu bwana mjinga ni kosa. Tajiri ni mtu wa kusamehe deni lakini si kicheko. Akasema, palepale, kwamba Alhamisi baada ya sala ya alasiri atasomesha Halbadiri mle yadi, na kila mtu wa kazi ahudhurie. Kwa asiyejua, hiyo ni dua nzito inayosomwa ili mwizi afikiwe na balaa yeye mwenyewe, awe na maradhi au wazimu au mauti. Watu wa kwetu hawaifanyii mzaha. Tajiri hakutaja jina la mtu, na wala hakuhitaji kulitaja. Aliyekwenda na lori alikuwa mmoja, na aliyehesabu ni huyohuyo mmoja.

Mnaliona jambo lenyewe lakini? Mtu ana mashine ya kisasa isiyodanganya, kisha anataka Halbadiri ije kuithibitisha. Na mpwa wake msomi, aliyekuwa akitutazama sote kama tumetoka porini, alinyanyua mabega tu. Mabega ya kunyanyua walimfundisha vizuri huko ng'ambo.

Habari ilimtangulia baba nyumbani. Mama aliacha kwenda sokoni, akawa anamtuma jirani, na jirani akirudi hurudi na samaki na maneno. Baba alikuwa akikaa barazani kama kawaida yake, ila wale waliozoea kuja kukaa naye ghafla kila mmoja alikuwa na shughuli zake.

"Wasome," aliniambia nilipomuuliza. "Tena wasome kwa sauti. Mimi ntakaa mstari wa mbele."

"Baba, hesabu ile ina kasoro mahali."

"Hesabu yangu haina kasoro."

"Si yako. Yao."

"Basi nenda kawaambie," akasema, akageuza uso. Mkono wake ulikuwa ukiisugua chaki mfukoni mwa shati, ukiisugua tu, mpaka mfuko ukawa mweupe. Iliniuma kuuona mkono ule.

Nikaenda, Jumatano, nilipotoka shuleni.

"Shikamoo," nikamwamkia tajiri, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti tamu kama halua. Alinionea huruma, unaona. Binti wa mwizi amekuja kuomba. Nilipomwambia sikuja kuomba, nimekuja kuitazama programu, alicheka kwa hisani na kumwita mpwa wake. "Mwonyeshe mwalimu. Yeye ni mtu wa hisabati, akiona kwa macho yake atamshauri mzee wake akiri mambo yaishe."

Mpwa akanitazama kuanzia mtandio mpaka miguu mitupu. "Hii ni lugha ya BASIC," akasema. "Waielewa?"

Mimi chuoni Nairobi niliandika programu kwa kadi za kutoboa, ukikosea tundu moja unapanga foleni upya kesho yake. Sikuona sababu ya kumsimulia. Nikavuta kiti.

Programu yenyewe ilikuwa fupi kama kozi yake. Iliuliza korija ngapi, ikazidisha kwa ishirini, ikatoa kutoka idadi ya kibali, ikachapa tofauti. Niliipitia juu mpaka chini nisione kosa. Korija ni ishirini, na ishirini ndiyo aliyoiandika. Mpwa alikuwa amesimama nyuma yangu akipiga miluzi.

Nikaomba karatasi za nyuma. Nikazitandaza sakafuni, nikapiga magoti kuzisoma, na jambo la kwanza nililoliona lilinitia hasira kabla halijanitia furaha. Si kila siku boriti zilipungua. Siku kadhaa zilizidi. Kulikuwa na siku ya kibali cha sitini na tano, na mashine ikasema zimefika sabini.

"Na hizi tano zilizozidi?" nikamuuliza tajiri. "Mwizi wako alizileta kutoka kwao?"

"Hizo si neno," akasema. "Hizo ni zidio."

Zikipungua ni wizi, zikizidi si neno. Nilimtazama mtu mzima yule mwenye ndevu zake, na magari yake, na hija yake, nikamwona mdogo kabisa. Siku nyingine zilikuwa sawasawa, kibali themanini, zimefika themanini, tofauti sifuri. Huyo ni mwizi gani, anayeiba leo, kesho anarudisha na ziada, kesho kutwa anapumzika?

Nikarudi mashinani. Hesabu ikitoa jibu la ajabu usiitazame mwisho, itazame katikati, ulione lile jibu kabla halijapambwa. Ndipo nikauona mstari mmoja ambao mwanzo niliupita. Baada ya kuzidisha kwa ishirini, mpwa alikuwa ameweka amri ya INT, ile ya kukata desimali ibaki nambari kamili.

"Hii INT ni ya nini?"

"Aa, hiyo," akasema, bila wasiwasi wowote. "Nilikuwa nikipata vipande vipande, sijui nukta sita, sijui nukta nane. Haipendezi kwenye karatasi. Nikavikata."

Sikuamini masikio yangu. Nikaitoa ile INT, nikaamuru PRINT, nikaiendesha upya siku ya sabini na tatu kwa hesabu iliyokuwa imehifadhiwa mashinani. Skrini ikaandika 62.6.

Boriti sitini na mbili nukta sita. Ishirini zidisha kwa korija tatu na boriti zozote za juu huwezi kupata kipande, hata ungehesabu ukiwa umelewa. Mikoko haikatwi kwa sehemu sita za kumi. Mashine ilikuwa ikimwambia tangu siku ya kwanza, kila jioni, kwamba nambari anayoilisha siyo anayoidhani, na yeye akaona haipendezi, akaikata kama mtu anayekata kucha. Nimefundisha watoto wengi wazito wa hesabu. Hata mzito wao akipata nusu mtu kwenye jibu huinua mkono na kusema, mwalimu, hapa pana jambo. Huyu msomi alizima taa ya onyo akaona kazi imekwisha.

Nikamwita yule binti wa Mambrui.

"Dada, fanya kama mimi ni mzee huko nje. Nimepaza sauti, tatu na kumi na tatu. Chapa kama unavyochapa siku zote."

Akachapa tatu, akachapa nukta, akachapa kumi na tatu. Skrini ikaonyesha 3.13.

Nikafumba macho. Yeye kwake ile nukta ilikuwa ukuta tu, korija upande huu, za juu upande ule, na mtu wa pwani yeyote angeisoma hivyo. Lakini mashine haijui korija. Mashine iliona tatu na sehemu kumi na tatu za mia, ikazidisha kwa ishirini, ikapata sitini na mbili nukta sita. Za juu zikiwa chini ya kumi, mambo hugeuka. Tatu na tano, yaani sitini na tano, ilichapwa 3.5, mashine ikaona tatu na nusu, ikatoa sabini. Na korija ikiwa kamili, nne tupu, nukta haihitajiki, jibu likawa themanini safi. Mwizi wetu yule wa ajabu alikuwa nukta.

"Nani alikwambia uweke nukta?" nikamuuliza.

"Mwanzo nilikuwa naweka mkwaju, ule mstari wa mshazari, kama tulivyoandika zamani kwa mkono," akasema. "Mashine ikawa yanikataa, yaniambia nianze upya. Nikamuuliza yeye kaka, alama ya kutenganisha niweke gani. Akaniambia weka nukta."

"Hukumuuliza atenganishe nini na nini?" nikamgeukia mpwa.

"Programu yangu ni sahihi," akasema. Miluzi ilikuwa imemkauka. "Data ndiyo mbaya. Tatizo ni mchapaji."

Akamnyooshea kidole binti wa watu, macho makavu. Sijui kwa nini sikumpiga kwa kiti. Nikakaa, nikaandika mistari miwili, mmoja wa kuuliza korija ngapi, wa pili wa kuuliza za juu ngapi. Binti akachapa upya siku zote kwa kufuata hesabu za baba zilizokuwa bado mashinani, na safu ya tatu ikatoka sifuri, sifuri, sifuri, kuanzia juu mpaka chini. Siku moja tu ilibaki na upungufu wa boriti mbili. Hizo zilivunjika njiani, baba alikwisha kusema siku ileile, na wapakuzi walizitumia kuchomea mihogo.

Tajiri alizipitia zile sifuri moja moja kwa kidole. Nilingoja aseme neno. Ningeridhika na neno dogo tu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi hakuna haja ya kusoma tena. Mwambie mzee kesho asijisumbue, na mambo haya tusiyatangaze. Hayana faida kwa mtu."

Nikarudi nyumbani nikiwa karibu kuruka, mjinga mimi. Kumbe kufuta kimyakimya kulikuwa kubaya kuliko kusoma. Alhamisi asubuhi mji mzima ulikuwa na tafsiri yake. Halbadiri imefutwa kwa sababu mzee amekwenda kukiri. Binti yake alionekana ameingia ofisini, akatoka jua likizama, alikwenda kumpigia tajiri magoti. Kuna mtu aliyechungulia dirishani na kuniona nimepiga magoti kweli, juu ya makaratasi. Jirani akamletea mama maneno hayo pamoja na samaki, na mama akalia mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baba aliyasikia yote kutoka barazani. Akaingia ndani, akaoga, akavaa kanzu yake ya Idi na kofia ya viua. Akachukua mkeka kwapani na chetezo cha mama mkononi, na ubani ndani yake.

"Tuondoke," akaniambia. "Wewe na midomo yako. Leo usiifungue."

Watu walipotoka sala ya alasiri alikuwa ametandika mkeka katikati ya yadi, amewasha ubani, amekaa. Wasomaji walikuwa wameambiwa wasije, lakini watu walikuja, maana walimwona mzee akipita na mkeka na chetezo, wakamfuata. Wapakuzi walikuja. Wale wa barazani waliokuwa na shughuli walikuja pia, kumbe shughuli zimekwisha. Wakajaa mpaka langoni.

Tajiri akatoka, anatabasamu, mikono mbele.

"Mzee mwenzangu, hayo si tumeyamaliza?"

"Wapi?" baba akauliza.

"Twende ndani tukazungumze."

"Hukuniita mwizi ndani. Waite wasomaji wako. Nimekuja kusomewa."

"Lakini hakuna haja, wallahi."

"Haja ninayo mimi. Waite."

Ubani ulikuwa unapanda. Nikamwona tajiri anatokwa na jasho chini ya kofia, na ndipo nikaelewa anachokiogopa. Halbadiri ikisomwa ilhali mwizi hayupo, haikai bure. Humtafuta aliyemzulia mwenzake. Kila mtu pale alilijua hilo, na kila mtu alikuwa akimtazama yeye. Mtu aliyekuwa tayari kumsomea baba yangu kwa sababu ya printa, sasa aliiogopa dua yake mwenyewe.

"Hamna mwizi," akasema, kwa sauti ya chini.

"Hawajasikia."

"Hamna mwizi!" akasema, safari hii watu wa barabarani wakageuka. "Boriti zote zilifika. Kompyuta ndiyo iliyokosea. Kompyuta ilimsingizia mzee."

Baba akainuka polepole, akakunja mkeka wake.

"Kompyuta hainijui," akamwambia. "Wewe wanijua tangu tukisoma madrasa mkeka mmoja."

Akatoa chaki mfukoni, akaiweka juu ya nguzo ya lango, akapita katikati ya watu. Wakampisha. Nami nikamfuata na chetezo, kimya kama alivyoniamuru, na tulipofika njia panda tukakutana na lori kutoka Mida likiingia yadi, limejaa pomoni. Dereva akampigia baba honi, na baba hakugeuka.

Nikageuka mimi. Tajiri alikuwa amesimama langoni ameshika ile chaki, akimwita mpwa wake atoke nje ahesabu. Mpwa akatoka, akasimama kizingitini, akazitazama raba zake.